Shajara ya mradi: RNA inayowasha na kuzima usugu wa erithromisini

8 Januari: tunachotafuta

Siku hizi maabara ikishasoma jenomu ya bakteria, hutafuta jeni za usugu na kuandika ripoti: jeni hii ipo, ile haipo. Ripoti ya namna hiyo haisemi kama jeni iliyopo imewashwa. Kwa jeni kadhaa za usugu, swichi imo ndani ya RNA mjumbe yenyewe (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini), katika kipande kifupi kinachotangulia jeni, na ni wachache wanaojisumbua kukisoma. Sisi tunakifuata hicho.

Mradi una sehemu mbili. Ya kwanza ni programu ya kupekua vipande vinavyotangulia jeni za usugu na kuonyesha vipi vina dalili za swichi. Ya pili ni kuchukua swichi moja inayofahamika vizuri, kuiunganisha na jeni ya kutoa rangi, na kuitazama ikifanya kazi ndani ya bakteria hai. Tumechagua swichi ya ermC, jeni iliyotoka kwenye plasmidi (duara dogo la DNA) pE194 ya Staphylococcus aureus. Jeni ya ermC yenyewe haimo kwenye plasmidi tunayojenga. Tumechukua swichi na kodoni zake chache za mwanzo tu (kodoni ni herufi tatu zinazosomwa kuwa asidi amino moja).

Kwa anayekutana nayo mara ya kwanza, iko hivi. Erithromisini, antibiotiki, hujishikiza ndani ya njia ambayo protini changa hupitia inapotoka kwenye ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, karibu na nyukleotidi (herufi) A2058 ya rRNA 23S, RNA inayojenga ribosomu yenyewe. ErmC hupachika vikundi vya methili kwenye nyukleotidi hiyo, na dawa inakosa pa kushika. Kwa kuwa makundi matatu ya dawa, makrolidi (kama erithromisini), linkosamidi (kama klindamisini) na streptogramini B, hushika eneo hilohilo, zote hupoteza nguvu kwa mkupuo mmoja.

Mbele ya ermC kuna fremu ndogo (mfululizo wa kodoni unaosomwa kuwa peptidi) inayotengeneza peptidi tangulizi ya asidi amino 19, ErmCL: MGIFSIFVISTVHYQPNKK. Dawa isipokuwepo, ribosomu huipita fremu hiyo bila kusita, na RNA hujikunja kuwa mashina mawili: kipande cha 1 hushikana na cha 2, cha 3 na cha 4. Mahali ambapo ribosomu ingeanzia kutafsiri ermC pamefichwa ndani ya shina la 3 na 4. Dawa ikiwepo kidogo, ribosomu inayotafsiri ErmCL hukwama ikiwa na isoleusini ya 9 katika nafasi P (mahali ndani ya ribosomu panaposhikilia peptidi inayokua), imekalia kipande cha 1. Cha 2 kinabaki bila mwenzake, kinashikana na cha 3, na cha 4 kinaachwa huru. Ribosomu nyingine inaingia hapo na ErmC inatengenezwa. Kundi la Bernard Weisblum na kundi la David Dubnau walilieleza jambo hili mwaka 1980, kabla hata ya umbo la ribosomu kujulikana kwa undani.

19 Januari: swichi tulizoziacha

Tulivutiwa sana na riboswichi ya aminoglikosidi. Mwaka 2013 jarida la Cell lilichapisha utafiti uliosema kwamba RNA inayotangulia jeni za aac na aad hushika dawa moja kwa moja na kubadili umbo. Mwaka huohuo Adam Roth na Ronald Breaker wakajibu kwamba mfuatano huo ni attI1, mahali ambapo integroni, kipande cha DNA kinachokusanya jeni, huingizia kaseti za jeni, na kwamba kuwa kwake jirani na jeni za usugu kunatokana na hilo. Programu mpya hupimwa kwa mfano usiobishaniwa, kwa hiyo tumeuweka kando.

Tumeacha pia RNA ndogo zinazotoka sehemu nyingine ya jenomu, kama MicF inayojulikana tangu 1984, ambayo hushikana na RNA mjumbe ya ompF na kupunguza matundu ambayo dawa za beta-laktamu hupitia. Ni muhimu, ila zinahitaji programu ya aina nyingine kabisa.

2 Februari: hifadhidata haina tunachokitaka

Tulianza na CARD, hifadhidata kubwa ya jeni za usugu. Jeni zipo, zimepangwa vizuri, lakini mfuatano unaotolewa kwa kila jeni huanza kwenye kodoni ya kwanza ya protini na kuishia kwenye kodoni ya kusimama. Kinachotangulia jeni, ambacho ndicho hoja yetu, hakimo.

Marekebisho: kwa kila jeni tulichukua namba ya rekodi yake ya GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya DNA, na mahali inapoanzia, tukarudi nyuma nyukleotidi 300. Rekodi nyingine zenyewe huanzia kwenye kodoni ya kwanza, kwa sababu aliyeziweka alikuwa amenakili jeni tu kwa PCR. Hizo hazina msaada. Kwa kila moja tulitafuta jeni ileile ndani ya plasmidi au jenomu iliyosomwa nzima.

Kikwazo cha pili kilikuwa kigumu kukiona. Tulitegemea kwamba peptidi tangulizi zingekuwa zimeshawekewa alama kwenye jenomu. Tukakuta karibu hakuna, hata pale penye ermC dhahiri. Sababu ni kwamba Prodigal, programu inayotumika sana kutambua jeni za bakteria, haikubali jeni kamili iliyo fupi kuliko nyukleotidi 90. ErmCL pamoja na kodoni yake ya kusimama ni nyukleotidi 60. Swichi imefutwa kabla mtu hajaitazama, na kila anayetumia jenomu hiyo baadaye hurithi pengo hilo. Jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote ya mwezi huu.

Tuliandika kitafutio chetu wenyewe: kianze na ATG, GTG au TTG; kiwe na mfuatano unaofanana na AGGAGG nyukleotidi chache nyuma yake; kisizidi kodoni 40. Kikomo cha chini tumekiweka kodoni 3.

23 Februari: kukunja RNA kwenye kompyuta

RNAfold, programu inayokisia RNA itajikunja vipi, ilitoa mashina mawili ya ermC kama yanavyotarajiwa. Kazi ilikuwa kuiambia kwamba kuna ribosomu imekwama hapo.

Jaribio la kwanza: tulizuia kodoni ya 9 peke yake isishikane na kitu. Umbo halikubadilika hata kidogo. Ribosomu ni kubwa. Hufunika takriban nyukleotidi 30 za RNA, nusu nyuma ya nafasi P na nusu mbele. Tulipozuia eneo lote hilo kwa kuweka alama ya x kwenye kila nyukleotidi na kuendesha RNAfold kwa chaguo la -C, kipande cha 1 kilitoka mchezoni, 2 kikashikana na 3, na mwanzo wa ermC ukabaki wazi. Anayerudia kazi hii aanze na 30 moja kwa moja.

Tuliacha pia kutegemea umbo moja lenye nishati ndogo kuliko yote. RNA hukaa katika maumbo mengi kwa wakati mmoja. Sasa tunatumia -p, tunapata uwezekano wa kila nyukleotidi kuwa imeshikana, na tunapima tofauti moja tu: mahali pa kuanzia jeni pamefichika kiasi gani ribosomu isipokuwepo, na kiasi gani ikiwa imekwama. Tofauti hiyo ndiyo alama ya mtahiniwa, yaani kipande kinachoshukiwa kuwa swichi.

11 Machi: watahiniwa wengi kupita kiasi

Programu ilipopekua jeni zote, karibu kila jeni ilionekana kuwa na swichi. Jenomu yenye A na T nyingi kama ya Staphylococcus huzaa fremu fupi na vitanzi vya RNA kwa bahati tu.

Kilichosaidia zaidi ni kuchanganya upya kila kipande huku tukihifadhi idadi ya jozi za nyukleotidi zilizo jirani, kisha kuendesha hesabu ileile kwenye vipande vilivyochanganywa. Kuchanganya nyukleotidi mojamoja hakutoshi, kwa sababu uthabiti wa shina hutegemea jozi zinazofuatana, na ulinganisho huo huifanya RNA halisi ionekane ya pekee hata isipokuwa hivyo. Mtahiniwa asiyewashinda ndugu zake waliochanganywa huondoka. Kichujio cha pili ni ndugu wa jeni hiyo katika spishi nyingine: peptidi ikibaki ileile huku nyukleotidi za nafasi ya tatu ya kodoni zikibadilika, kuna kitu kinailinda.

Hata hivyo programu ilikosa jeni mbili za usugu, vmlR ya Bacillus subtilis na lmo0919 ya Listeria, ambazo tuliziweka makusudi kama mtihani. Hizi hazifichi mahali pa kuanzia tafsiri. Hukatisha unakili wenyewe (kuandika RNA kutoka DNA): shina lenye mkia wa U nyingi huifanya RNA polimerasi iachie kabla ya kufika kwenye jeni, isipokuwa dawa ikwamishe ribosomu na shina lisijengeke. Ile ya lmo0919 ilionekana mwaka 2016 kwa mbinu ya Term-seq, inayosoma ncha za mwisho za RNA zote za bakteria kwa pamoja. Tuliongeza tawi la pili la programu linalotafuta shina la kukatisha kati ya fremu ndogo na jeni. Zote mbili sasa zinaonekana.

30 Machi: plasmidi ya kwanza, buluu kila mahali

Tumehamia mezani. Plasmidi ina promota (mahali pa kuanzishia unakili) isiyodhibitiwa, swichi ya ermC, kodoni chache za mwanzo za ermC, kisha lacZ, jeni yetu ya kutoa rangi. Promota isiyodhibitiwa ni ya lazima: rangi ikibadilika, tuwe na hakika mabadiliko yametokea kwenye tafsiri na si kwenye unakili. Alama ya kuitunza plasmidi ni usugu wa ampisilini, kwa makusudi. Kanamisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli zote hugusa ribosomu, na hatutaki dawa nyingine ya ribosomu kwenye sahani.

E. coli waliobeba plasmidi hii waligeuka buluu kwenye agari yenye X-gal (kemikali ambayo kimeng'enya cha lacZ huigeuza buluu) bila dawa yoyote. Swichi ilikuwa imefunguka moja kwa moja.

Tatizo lilikuwa kwenye maungio. Kipande kiliunganishwa kwa mkato wa kimeng'enya NdeI, ambao mfuatano wake ni CATATG, na ATG yake ndiyo tuliyoifanya kodoni ya kwanza. Kwa jeni ya kawaida mkato huo haudhuru. Hapa nyukleotidi zilizo mbele ya ATG ni sehemu ya kipande cha 4, na kuzibadilisha kuwa CAT kulilegeza shina linaloficha mahali pa kuanzia. RNAfold ilionyesha jambo hilohilo tulipoikunja plasmidi kama ilivyo, pamoja na maungio.

Marekebisho: tumeunganisha upya kwa mbinu ya Gibson, isiyoacha kovu, na lacZ inaanzia baada ya kodoni za ermC zinazoingia kwenye shina. Gharama yake ni praima mpya, usomaji mpya wa mfuatano, na sehemu kubwa ya mwezi. Tangu sasa hatuagizi kipande chochote kabla ya kukunja RNA nzima itakayotoka kwenye plasmidi, kuanzia mwanzo wa unakili hadi ndani ya lacZ.

21 Aprili: weupe mtupu

Plasmidi mpya ni nyeupe bila dawa, kama inavyotakiwa. Lakini tulipoweka kidonge cha karatasi chenye erithromisini katikati ya sahani, ilibaki nyeupe vilevile, na bakteria waliota hadi ukingoni mwa kidonge.

E. coli wa kawaida hawasumbuliwi sana na erithromisini. Utando wa nje huizuia kuingia, na pampu ya AcrAB-TolC huitoa ile inayofanikiwa kupenya. Ndani ya seli hakukuwa na dawa ya kutosha kukwamisha ribosomu.

Tumehamia kwa bakteria wasio na tolC kutoka mkusanyiko wa Keio, wa E. coli waliofutwa jeni mojamoja. Wana faida ya pili: mzazi wao, BW25113, hana lacZ inayofanya kazi, kwa hiyo buluu yote itakayoonekana inatoka kwenye plasmidi yetu. Jeni ya tolC imebadilishwa na alama ya kanamisini. Tunatumia kanamisini kuwatunza tu, kamwe si kwenye sahani ya kipimo.

9 Mei: pete

Imeonekana. Karibu na kidonge cha erithromisini kuna duara tupu ambako hakuna kilichoota. Ukingoni mwa duara hilo kuna pete nyembamba ya buluu iliyokolea, na upande wake wa nje rangi inafifia taratibu hadi weupe wa sahani nzima. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaona kwamba buluu iliyokolea zaidi iko pale ambapo bakteria ndiyo kwanza wanaanza kuweza kuota.

Pete hiyo inaeleza swichi yenyewe. Karibu na kidonge dawa ni nyingi, ribosomu zote zimezibwa, hakuna hata moja iliyobaki kutafsiri lacZ. Mbali na kidonge dawa haitoshi kukwamisha ribosomu kwenye ErmCL. Swichi inahitaji hali ya katikati: ribosomu moja ikwame kwenye peptidi tangulizi na nyingine iwe huru kuingia mahali palipofunguliwa. Hata kwa Staphylococcus mwenyewe, ni dozi isiyoua inayomwandaa kukabili dozi inayoua.

Vidonge vingine kwenye sahani hiyohiyo: azithromisini ilitoa pete. Klindamisini ilitoa duara tupu bila buluu. Josamisini, makrolidi ya pete ya atomi 16, haikutoa buluu. Kloramfenikoli pia haikutoa. Kidonge cha ethanoli tupu hakikufanya kitu. Kiweke kila mara, kwa kuwa erithromisini huyeyushwa kwa ethanoli, na ukiache kikauke kabla ya kukigusisha agari. X-gal itunzwe gizani. Sahani zilizokaa kwenye mwanga zilitoa pete hafifu isiyosomeka.

Tazama tena klindamisini. ErmC ikishatengenezwa, klindamisini nayo haifanyi kazi. Lakini klindamisini yenyewe haiwashi swichi. Bakteria mwenye ermC iliyozimwa huonekana anakufa kwa dawa hiyo huku amebeba jeni ya kuishinda.

28 Mei: kupima kwenye majimaji

Pete ni nzuri kwa macho, haitoi namba. Tulikuza bakteria kwenye majimaji, tukaweka erithromisini na kupima kimeng'enya cha lacZ kwa ONPG (kemikali ambayo huigeuza njano) kwa hesabu ya Miller: 1000 × (A420 − 1.75 × A550), ikigawanywa kwa muda, ujazo na A600 (A ni mwanga uliofyonzwa, namba ni urefu wa wimbi kwa nanomita).

Mara ya kwanza kila dozi ilishusha kipimo badala ya kukipandisha. Dozi zilianzia kwenye kiwango kinachozuia ukuaji na kupanda, yaani tulikuwa tunapima ndani ya duara tupu. Tulipoanza chini kabisa na kupanda kwa kuzidisha mara mbili, mchoro ulipanda, ukafika kilele chini kidogo ya kiwango cha kuzuia, ukaporomoka. Umbo la kilima ndilo la kutegemea. Anayepata mstari unaoshuka tu ashushe dozi kabla ya kuilaumu plasmidi.

Hesabu ya Miller hugawanya kwa wingi wa seli, na dawa hii hupunguza kasi ya ukuaji. Tulichukua sampuli mapema, kabla tofauti ya ukuaji haijawa kubwa, na tunaandika A600 ya kila chupa pembeni ya jibu.

16 Juni: ni peptidi au ni RNA?

Hili ndilo swali lililonifanya niuanze mradi. Je, dawa inasoma mfuatano wa RNA, au inasoma asidi amino zinazopita kwenye njia ya ribosomu? Utafiti wa Nora Vázquez-Laslop, Alexander Mankin na wenzao wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asidi amino za 6 hadi 9, IFVI, ndizo zinazohitajika. Tulitaka kulithibitisha kwenye plasmidi yetu bila kuharibu mashina.

Kubadilisha kodoni moja kuwa alanini kunaleta utata: nyukleotidi hizohizo ni sehemu ya RNA inayojikunja, na rangi ikipotea hujui kilichoharibika ni peptidi au shina. Njia safi zaidi ni kusogeza fremu kwa nyukleotidi moja karibu na mwanzo na kuirudisha baadaye. RNA hubaki karibu ileile, ila peptidi ni nyingine.

Mfuatano wa ErmCL ni huu:

ATG GGC ATT TTT AGT ATT TTT GTA ATC AGC ACA GTT CAT TAT CAA CCA AAC AAA AAA TAA

Ukifuta A ya kodoni ya 3, unapata TTT TTA GTA TTT TTG kisha TAA: fremu inakatika kabla ya kodoni ya 9. Ukiongeza nyukleotidi moja baada ya GGC, inakatika mapema zaidi, kwa TAG. Toleo letu la kwanza lilikuwa hilo la kufuta, na matokeo yake hayakuweza kusomeka, kwa sababu ribosomu iliachia njiani na haikufika mahali pa kukwama hata kama ingetaka.

Toleo linalofanya kazi lina mabadiliko matatu. Ongeza G baada ya GGC. Badilisha T ya TAG kuwa C, iwe CAG. Futa C ya mwisho ya AGC, kodoni ya 10, ili fremu irudi. Peptidi inakuwa MGDFQYFCNQTVHYQPNKK, bado asidi amino 19, na mashina kwenye RNAfold yamesalia.

Pembeni yake tuliweka toleo la kinyume: kodoni za IFVI zimebadilishwa kwa visawe vyake, kwa hiyo asidi amino ni zilezile na nyukleotidi ni tofauti.

Sahani zimejibu bila utata. Toleo la visawe lina pete. Toleo la fremu iliyosogezwa ni jeupe hadi ukingoni mwa duara tupu. Kinachosomwa na dawa ni peptidi changa. RNA inatekeleza uamuzi kwa kujikunja.

8 Julai: mahali hasa ribosomu iliposimama

Tulitaka kuona kukwama kwenyewe. Mbinu ni kutafsiri RNA kwenye mfumo uliokusanywa kwa viambajengo vilivyosafishwa, kisha kutuma riva­si transkriptasi, kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, kutoka upande wa 3'. Inapogonga ribosomu husimama nyukleotidi 16 au 17 mbele ya nyukleotidi ya kwanza ya kodoni iliyo katika nafasi P. Hii ndiyo hatua iliyokula vitendanishi kuliko zote.

Mara za mwanzo, kwenye jeli, mstari wa kukwama ulionekana hata pasipo dawa. Ulikuwa wa shina la RNA, kwani kimeng'enya husita hata kwenye shina gumu. Njia ya jeli (safu ya sampuli moja) yenye RNA tupu bila ribosomu ilitutenganishia mistari hiyo, na bila njia hiyo jeli haifai kusomwa. Tuliongeza pia njia yenye thiostreptoni, ambayo huizuia ribosomu kwenye kodoni ya kwanza, ili tuwe na alama ya kuhesabia kutoka mwanzo.

Tatizo lingine lilikuwa ethanoli. Mfumo huu una ujazo mdogo sana, na tone la dawa iliyoyeyushwa kwa ethanoli lilidhoofisha tafsiri yote. Sasa dawa inawekwa kwanza kwenye kijibomba kitupu, inaachwa ikauke, kisha mchanganyiko unaongezwa juu yake. Badala ya mionzi tumetumia praima yenye rangi ya kung'aa; mistari ni hafifu zaidi, lakini inasomeka.

Mstari wa isoleusini ya 9 upo kwenye njia yenye erithromisini, haupo pasipo dawa, na haupo kwenye toleo la fremu iliyosogezwa.

4 Agosti: kipimo cha D

Wenzetu wenye maabara inayoruhusiwa kukuza S. aureus walitufanyia kipimo cha D, ambacho hospitali hutumia kugundua usugu wa aina hii. Kidonge cha erithromisini cha maikrogramu 15 na cha klindamisini cha maikrogramu 2 huwekwa jirani kwenye agari ya Mueller-Hinton. Erithromisini inayosambaa huwasha swichi za bakteria walio upande wake, na duara la klindamisini hubonyea upande huo, likawa na umbo la herufi D.

Sahani za kwanza hazikuonyesha D, hata kwa ATCC BAA-977, aina ya ulinganisho yenye ermA inayowashwa. Vidonge vilikuwa vimedondoshwa na mashine, kila kimoja mbali na mwenzake, na dawa haikufika upande wa pili kwa kiasi cha kuwasha kitu. Vilipowekwa kwa mkono ndani ya milimita 15 hadi 26 kama mwongozo wa CLSI, taasisi ya viwango vya maabara, unavyotaka, D ilitokea bila shaka. BAA-976, yenye msrA (jeni nyingine ya usugu wa erithromisini) na isiyo na erm, ilibaki duara.

Matokeo haya ni mazito kwangu. Sahani yenye vidonge vilivyo mbali ingeripoti kwamba klindamisini inafaa, na mgonjwa angepewa.

27 Agosti: swichi iliyovunjika

Jenomu kadhaa zenye ermC zilikuwa zimeondolewa na programu kwa kukosa alama. Tulipozitazama moja moja, baadhi zilikuwa na kipande tangulizi kilichokatwa, nyingine zilikuwa na sehemu yake iliyojirudia. Mabadiliko ya aina hizi yanajulikana kutoka kwa stafilokoki waliokuzwa kwenye dawa zisizowasha swichi: anayeishi ni yule ambaye swichi yake imevunjika katika hali ya kuwashwa. Klindamisini peke yake inaweza kumchagua bakteria huyo.

Tulijenga toleo lisilo na kipande cha 3. Hakuna cha kukificha cha 4. Sahani ni ya buluu yote, dawa iwepo isiwepo, sawasawa na tulivyoona kwa mkato wa NdeI mwezi Machi, isipokuwa duara tupu.

Kwa nini basi bakteria wote hawavunji swichi? Utafiti uliochapishwa 2013 katika Nature Communications ulionyesha kwamba ribosomu zilizowekewa methili na ErmC hutafsiri baadhi ya protini kwa uwiano usiofaa, na bakteria mwenye Erm iliyowashwa muda wote hushindwa na wenzake pasipo dawa. Swichi inamwokolea gharama hiyo.

Programu imebadilishwa ipasavyo. Kwa kila jeni ya erm sasa inaandika moja ya majibu matatu: swichi nzima, swichi iliyovunjika, au kipande tangulizi hakimo kwenye rekodi. Jibu la tatu haliruhusiwi kuhesabiwa pamoja na la pili. Toleo la awali lilizichanganya na kuzifanya rekodi zilizokatwa na PCR zionekane kama bakteria wenye usugu wa kudumu. Zinazofuata ni ermB, na ermA yenye peptidi tangulizi mbili, ambayo hesabu ya ribosomu moja iliyokwama haiitoshelezi.